Maji Hupaa, Chumvi Hubaki

Jumatatu moja ya Agosti nilifungua ofisi yetu hapa Dodoma, nikakuta mstari mweupe umelizunguka tangi la kioo lililo juu ya kabati la mafaili. Tangu Ijumaa jioni maji yalikuwa yameshuka karibu upana wa kidole, na pale yalipoishia mwanzo palikuwa na ukoko wa chumvi uliokwaruza nilipoupitishia ukucha. Ndani, matumbawe laini ambayo kila asubuhi hutandaza vidole vyake yalikuwa yamejikunyata kama ngumi. Nikachota maji ya chumvi niliyokuwa nimeyachanganya kwenye ndoo, nikaanza kujazia. Nilikuwa nimefanya hivyo kwa wiki kadhaa.

Mama anayefanya usafi katika jengo letu ni mzaliwa wa Bahi. Aliegemeza dekio lake ukutani, akanitazama.

“Mwanangu, hayo unayoongeza nayo yana chumvi?”

“Ndiyo, Mama. Hawa ni viumbe wa baharini.”

“Basi unawaumiza. Kwetu Bahi maji yakikauka, chumvi haiondoki nayo. Inabaki chini, nyeupe. Wewe unaweka chumvi juu ya chumvi.”

Niliweka ndoo chini. Nilikuwa nimesoma mengi kuhusu taa, pampu na vipimo, lakini kanuni iliyokuwa inaliua tangi langu niliipata kwa mtu aliyekua akiiona ardhini.

Bwawa lisilo na mlango

Mto Bubu hupita pande za Kondoa na kuishia kwenye bwawa la Bahi, magharibi ya Dodoma. Hauendi baharini. Ndivyo lilivyo pia ziwa Eyasi, na yale mawili yaliyoukumbatia mji wa Singida, Singidani na Kindai. Maji huingia na mvua yakiwa yamebeba madini kidogo kutoka kwenye miamba na udongo, kisha njia kubwa ya kutokea inakuwa moja tu: juu, kama mvuke. Dodoma hupata mvua isiyofika milimita 600 kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili, na jua la miezi inayobaki lina uwezo wa kukausha maji mengi zaidi ya hayo. Maji yanapaa, chumvi inabaki, mwaka baada ya mwaka. Misafara ya karne ya 19 iliyotoka pwani kwenda Ugogo ilipita nyika iliyojulikana kama Marenga Mkali, na maji machungu ya nchi hii yakawa sehemu ya jina lake.

Tangi la samaki ni bwawa la Bahi lililowekwa juu ya kabati. Langu lina lita 60 za maji. Bahari ina wastani wa gramu 35 za chumvi katika kila lita, kwa hiyo lita 60 zimebeba kilo 2 na gramu 100. Katika kiangazi tangi hili hupoteza karibu lita moja kwa siku. Kutoka Ijumaa jioni hadi Jumatatu asubuhi zinabaki lita 57, na chumvi ile ile sasa imefika karibu gramu 37 kwa lita. Likiachwa wiki nzima, inakaribia gramu 40, ambao ni ukali wa maji ya kaskazini mwa Bahari ya Shamu. Ukijazia maji matamu, unarudi ulipoanzia. Ukijazia maji ya chumvi kama nilivyofanya mimi, kila lita unayoongeza inaacha gramu 35 nyingine ndani.

Kwa samaki na tumbawe jambo hili ni la uhai. Chumvi ikizidi nje ya mwili, maji hutolewa kwenye seli. Samaki wa baharini hupambana kwa kunywa maji na kuisukuma chumvi nje kupitia matamvua. Tumbawe halina figo wala matamvua. Linaishi kwa kufanana na maji yanayolizunguka, na yakibadilika ghafla linajikunja.

Chumvi si kitu kimoja

Mtu anaweza kuuliza: kwa nini tusitumie chumvi ya jikoni, au maji ya Singidani, yaliyo karibu kuliko pwani iliyo zaidi ya kilomita 400 kwa barabara kutoka hapa? Jibu lake lilianza kupatikana baharini. Kati ya 1872 na 1876 meli ya Uingereza iitwayo Challenger ilizunguka dunia ikikusanya maji ya bahari kutoka sehemu na vina mbalimbali. Mkemia William Dittmar alipima sampuli 77, na mwaka 1884 akatoa matokeo yaliyothibitisha kwamba hata pale ukali wa chumvi unapotofautiana, uwiano wa madini makuu haubadiliki. Katika kila gramu 100 za chumvi ya bahari, kloraidi ni karibu gramu 55, sodiamu karibu 31, salfeti karibu 8, magnesiamu karibu 4, na kalsiamu na potasiamu kila moja zaidi kidogo ya gramu 1.

Hiyo gramu moja ya kalsiamu ndiyo inayojenga miamba. Tumbawe gumu huichukua kutoka kwenye maji, huiunganisha na kaboneti, na kujijengea mifupa ya chokaa. Misikiti ya Kilwa Kisiwani na nyumba za Mji Mkongwe wa Zanzibar zimejengwa kwa mawe ya miili hiyo. Chumvi ya jikoni ni sodiamu na kloraidi karibu yote. Tumbawe ndani yake ni fundi asiye na tofali. Nayo maziwa ya magadi kama Natron yana kaboneti nyingi kiasi kwamba kalsiamu hujitenga na maji na kuzama kabla kiumbe hajaitumia. Wapo samaki waliozoea maji ya namna hiyo: perege wa aina ya *Oreochromis amphimelas*, anayepatikana Tanzania pekee, huishi kwenye maziwa ya Manyara, Eyasi na Kitangiri. Maji anayoyaweza yeye yangeliua tumbawe.

Kwa hiyo tunatumia chumvi iliyotengenezwa mahususi kwa matangi ya baharini, yenye madini hayo yote kwa uwiano wa bahari, na tunaichanganya na maji matamu. Hapo Dodoma inaleta somo lake. Maji ya mji huu kwa sehemu kubwa hutoka kwenye visima virefu vya bonde la Makutupora, nayo ni maji magumu. Tazama ndani ya birika la ofisi: ule ukoko mweupe ni kalsiamu kaboneti, kitu kile kile ambacho tumbawe hujijengea. Maji yaliyolala chini ya ardhi huweza kubeba pia nitrati na madini mengine yasiyotakiwa, na ya bomba huweza kuwa na klorini. Yapitishe kwanza kwenye mtambo wa kuchuja kwa utando, ule unaosukuma maji kwenye vitundu vidogo mno visivyopitisha chumvi. Hayo yaliyochujwa ndiyo ya kuchanganyia chumvi, na ndiyo ya kujazia kila siku.

Wiki za kusubiri

Wahenga walisema vyaelea vimeundwa. Tangi la baharini huundwa na viumbe tusiowaona. Samaki hutoa amonia, sumu ambayo hata ikiwa kidogo huunguza matamvua. Kundi moja la bakteria huigeuza kuwa nitriti, ambayo bado ni hatari. Kundi jingine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia zaidi. Bakteria hawa huota taratibu juu ya mawe na mchanga. Unapanga mawe yenye vitundu vingi, unawasha pampu, unatia punje za chakula cha samaki zioze, kisha unasubiri wiki 4 hadi 6. Amonia itapanda na kushuka, nitriti itafuata njia hiyo hiyo. Vyote viwili vikisoma sifuri kwenye kipimo, tangi liko tayari.

Katika mwanzo wa miaka ya 1960, Lee Chin Eng wa Jakarta, Indonesia, aliwaonyesha wafugaji wa samaki duniani kwamba mawe yaliyojaa uhai na mapovu ya hewa vinaweza kuyatunza matumbawe bila mitambo mingi. Somo lake linatufaa sisi tunaoishi na umeme unaokatika. Kwangu ninaweka kipampu cha hewa cha betri kando ya tangi, kwa sababu maji yakisimama, bakteria na samaki hugombania oksijeni ile ile.

Na oksijeni yenyewe Dodoma ni pungufu. Mji uko kwenye mwinuko wa takribani mita 1,100, na mgandamizo wa hewa hapa ni mdogo kuliko Dar es Salaam kwa asilimia 12 hivi. Oksijeni inayoweza kuyeyuka kwenye maji hupungua kwa kiasi hicho hicho. Elekeza pampu juu, uso wa maji ucheze daima.

Ofisi nayo ina hewa yake. Niligundua kwamba kila siku ya kikao kirefu, madirisha yakiwa yamefungwa, kipimo cha pH kilishuka kutoka 8.2 hadi chini ya 8. Watu kumi na wawili wanapumua hewa ya ukaa, hewa hiyo inayeyuka kwenye maji na kuwa asidi hafifu. Tulipoanza kufungua madirisha, pH ilirudi. Bahari Kuu inapata jambo hilo hilo kutokana na moshi wa viwanda na magari, nayo haina dirisha la kufungua.

Joto linataka ulinzi wa pande mbili. Usiku wa Juni na Julai hupoa hadi nyuzi 13 au 14, kwa hiyo hita ni lazima. Tumbawe hupenda nyuzi 25 au 26. Oktoba na Novemba ofisi huchemka, na hapo ninawasha feni ndogo ikipuliza juu ya maji. Inafanya kazi kama mtungi: maji yanayopaa huondoka na joto. Hewa kavu ya nyanda za kati huifanya njia hii kuwa na nguvu kuliko pwani, lakini gharama yake unaijua sasa. Maji yanapungua upesi zaidi, chumvi inapanda.

Nani aishi humo

Tumbawe ni mnyama aliyekaribisha mwani wa seli moja ndani ya nyama yake. Mwani hufanya usanisinuru na kumpa mwenyeji sehemu kubwa ya chakula chake. Joto likizidi, ushirika huo huvunjika na tumbawe hupauka. Mwaka 1998 maji ya Bahari ya Hindi yalipopata joto la El Niño, matumbawe mengi ya magharibi mwa bahari hiyo yalikufa, ya Mafia yakiwemo, miaka mitatu tu baada ya hifadhi ya bahari kuanzishwa kisiwani humo.

Kwa sababu hiyo sitoi kitu kwenye mwamba wa bahari yetu, na ninamsihi msomaji asitoe. Biashara ya kimataifa ya matumbawe magumu inasimamiwa na mkataba wa CITES. Matumbawe laini hukatwa vipande na kukuzwa kwenye matangi, na samaki wa anemoni huzalishwa kwenye ufugaji. Yule wa rangi ya chungwa mwenye mistari mitatu myeupe, aliyepata umaarufu kwenye filamu, si wa kwetu hata kidogo. Pwani yetu ina wake, kama *Amphiprion allardi* na *Amphiprion akallopisos*, na mahali pa kuwaona ni kwenye miamba yao. Lita 60 zinatosha samaki wawili wadogo tu.

Kazi iliyobaki ni ya kila siku: kuangalia joto na kujazia maji matamu. Kila wiki ninapima chumvi kwa rifraktomita, natoa lita 6 na kurudisha lita 6 za maji mapya ya chumvi, ili nitrati ipungue na kalsiamu irejee.

Nimechora mstari wa wino kwenye kioo, usawa wa maji yanapokuwa na gramu 35. Jumamosi mimi sipo kazini, lakini Mama yupo. Huchukua jagi la maji yaliyochujwa, akamimina taratibu pembeni mpaka mstari ufikiwe, kisha akaufuta ukoko mweupe kwa kitambaa chenye unyevu. Jumatatu ninapofungua mlango, vidole vya matumbawe vimeshatandazwa.