Mama, Kaa Kimya Kidogo, Ujiulize: Niko Namna Gani?

Siku ya kliniki unapimwa mambo mingi. Mtoto anawekwa kwenye mizani. Mkono wako unafungwa kitambaa cha kupima damu. Mkunga anapima tumbo kwa mita na kusikiliza moyo wa mtoto aliye ndani. Lakini kuna jambo moja ambalo hakuna mashini inayoweza kulipima, nalo ni namna roho yako iko. Kwa jambo hilo, mashini ni kinywa chako mwenyewe. Na mara nyingi kinywa kinasema, "Niko muzima tu, hapana shida," hata kama hukulala usiku mzima.

Hapa tunataka kukueleza namna ya kutulia, kupumua na kujiambia ukweli. Si kazi ya watajiri. Hakuna kitu cha kununua. Ukiwa na mkeka au kiti, na dakika 10, inatosha.

KWA NINI MAMA ANASEMA "NIKO MUZIMA"

Hapa Rughenda, kama vile katika Butembo nzima na Beni, mama hana nafasi ya kukaa. Asubuhi kuna baridi, moto haujawaka, watoto wanataka kwenda shule. Kuna maji ya kuteka, sombe ya kutwanga, shamba au soko. Mama aliyezoea kubeba yote hajiulizi tena kama amechoka.

Tena kuna mambo mazito zaidi. Tangu Oktoba 2014 watu wengi wameuawa katika vijiji vya Beni, na jamaa nyingi zimekimbia mashamba yao. Ebola ilitangazwa tarehe 1 Agosti 2018 kule Mangina, ikafika Beni, Butembo na Katwa. Ilipotangazwa kwisha, tarehe 25 Juni 2020, watu 2,287 walikuwa wamekufa. Wamama wengi walizika watu wao bila kuwagusa. Wengine waliitwa kwa kidole sokoni sababu mtu wa nyumba yao aliugua. Mambo kama haya hayatoki mwilini kwa kunyamaza.

MWILI UNAFANYA NINI

Ukisikia hatari, moyo unapiga mbio. Pumzi inakuwa fupi, inaishia juu ya kifua. Shingo na mabega vinakazika. Hiyo ni kazi nzuri ya mwili, inakusaidia kukimbia na mtoto wako. Shida inakuja wakati hatari imepita lakini mwili haujasikia habari hiyo. Basi unakaa katika hali ya kukimbia, siku kwa siku. Kichwa kinauma, usingizi unakatika, chakula hakina utamu, unapigia watoto kelele kwa jambo dogo.

Moyo hatuwezi kuuamuru, lakini pumzi tunaweza. Tunapovuta pumzi, moyo unakwenda mbio kidogo. Tunapoitoa polepole, moyo unapunguza mwendo. Ndiyo sababu kutoa pumzi kwa urefu kunatuliza mwili wote.

YOGA NA MEDITASIO NI NINI

Yoga ni mazoezi ya mwili pamoja na pumzi. Yametoka Uhindi, tangu zamani sana. Meditasio ni kukaa kimya na kuangalia yale yanayopita ndani yako, bila kuyakimbia na bila kuyapiga vita. Mwaka 1979 mtaalamu Jon Kabat-Zinn alianza kufundisha mazoezi hayo kwa wagonjwa wenye maumivu ya siku nyingi, katika hospitali ya chuo kikuu cha Massachusetts, Marekani. Toka hapo yameingia katika hospitali za inchi nyingi.

Karibu na sisi pia yamejaribiwa. Katika kambi ya wakimbizi ya Rhino, kaskazini mwa Uganda, wanawake 694 waliotoka Sudani ya Kusini walikubali kushiriki katika utafiti. Wote walikuwa na taabu ya roho. Nusu hivi walikutana mara 5 kwa vikundi. Walisikiliza mafundisho yaliyorekodiwa, wakajifunza kurudisha mawazo yao kwenye pumzi na miguu, na kutaja wazi yale waliyosikia ndani. Waliowaongoza hawakuwa madaktari. Matokeo yalitolewa mwaka 2020: baada ya miezi 3, taabu ya roho ilikuwa imepungua kwao kuliko kwa wenzao ambao hawakupata mafundisho hayo. Haikuwa muujiza, lakini ilikuwa msaada wa kweli, kwa wanawake waliopita vita kama sisi.

NAMNA YA KUFANYA

1. Tafuta nafasi. Inaweza kuwa kabla watoto hawajaamka, au wakati unanyonyesha, au hapa kliniki unapongoja kuitwa.

2. Kaa mgongo ukiwa wima, lakini bila kujikaza. Miguu yote miwili iguse chini. Legeza kikwembe kama kinabana tumbo.

3. Pandisha mabega mpaka karibu na masikio, halafu yaache yaanguke. Fanya mara 3. Geuza shingo polepole kuume na kushoto.

4. Weka mkono juu ya tumbo. Vuta pumzi kwa pua, ukihesabu mpaka 3. Toa pumzi polepole, ukihesabu mpaka 5. Usiizuie ndani. Fanya hivyo mara 10.

5. Sasa acha kuhesabu. Sikia miguu chini. Sikia sauti zilizo karibu: mtoto, kuku, pikipiki. Jiambie, "Niko hapa. Ni sasa."

6. Mawazo yatakuja. Usikasirike, ni kazi ya kichwa kuwaza. Ukiona umekwenda mbali, rudi kwenye pumzi. Hata ukirudi mara 20, umefanya vizuri, maana zoezi lenyewe ni kule kurudi.

SEHEMU NGUMU: KUJIAMBIA UKWELI

Ukiisha kutulia, jiulize swali moja: "Leo niko namna gani, kweli kweli?" Usijibu mbio. Ngoja jibu litoke.

Pengine jibu ni "Niko na woga." Au "Nimemkasirikia bwana yangu." Au "Mtoto huyu ninamnyonyesha, lakini furaha sisikii." Litaje jambo hilo kwa jina lake. Usijitukane, usijitetee. Kutaja si kujihukumu.

Tena jifunze kutenganisha wazo na ukweli. Mama akisema, "Mimi ni mama mbaya," anajifunga. Akisema, "Sasa hivi niko na wazo kwamba mimi ni mama mbaya," ameona kwamba ni wazo tu. Mawazo ni kama pikipiki zinazopita barabarani. Unaziona, unazisikia, lakini si lazima upande kila moja.

Kujiambia ukweli kunasaidia hata kwa mambo madogo. Mama mwenye mimba amepewa vidonge vya kuongeza damu. Mkunga anauliza, "Unavimeza?" Anajibu, "Ndiyo." Lakini vidonge viko katika kikopo nyumbani, sababu vinamletea kichefuchefu na tumbo linafunga. Jibu lile linamfurahisha mkunga, lakini damu haiongezeki. Kama angesema kweli, mkunga angemwambia avimeze jioni baada ya chakula, na anywe maji mengi. Siku ya kuzaa, mama mwenye damu kidogo akitokwa na damu nyingi, yuko katika hatari kubwa ya kufa. Ona basi: neno moja la kweli linaweza kuokoa mama.

WAMAMA WENGINE WAJIANGALIE ZAIDI

Kama una mimba kubwa, usilale chali kwa mazoezi. Kaa, au lala kwa ubavu wa kushoto. Usikunje tumbo. Ukisikia kizunguzungu, acha, pumua kama kawaida, kaa chini.

Kama umeona mambo ya kutisha, kufumba macho kunaweza kurudisha picha mbaya. Basi usifumbe. Tazama kitu kimoja mbele yako, kama jiwe au mguu wa meza. Shika kitu baridi mkononi. Taja kwa sauti vitu 5 unavyoviona. Kama picha zinazidi, simama utembee, usijilazimishe. Jambo hilo unaweza kumwambia muuguzi. Hautakuwa wa kwanza.

MASWALI YA WAMAMA

Je, hii si dini nyingine?
Ni kweli kwamba yoga ilizaliwa kati ya dini za Uhindi. Lakini kupumua, kunyoosha mwili na kukaa kimya si mali ya dini moja. Hapa tunachukua mazoezi ya mwili na pumzi tu. Hatutaji miungu, hatukuondoi katika sala zako. Mama anayesali anaweza kupumua kwanza, halafu asali roho ikiwa imetulia.

Watu wa nyumbani wakinicheka?
Waonyeshe namna ya kufanya. Watoto wanapenda zoezi la kupumua: walaze, weka kitu chepesi juu ya tumbo lao, watazame kinavyopanda na kushuka.

Nisipoona faida upesi?
Fanya kidogo, kila siku, kwa majuma kadhaa. Shamba halioti siku ya kupanda.

PUMZI HAIPONYI YOTE

Hapa tusidanganyane. Kuna mambo ambayo mama hapaswi kuyangoja kwa kupumua. Njoo hospitalini upesi, mchana ao usiku, kama:

– una mimba, na kichwa kinauma sana, macho yanaona giza, uso na mikono imevimba;
– unatokwa na damu, au mtoto tumboni ameacha kucheza;
– una homa. Homa si "mawazo mingi". Inapaswa kupimwa;
– mtu amekulazimisha kimwili. Njoo mbele ya masaa 72 kupita, maana dawa ya kuzuia virusi vya ukimwi inapaswa kuanza ndani ya wakati huo. Lakini hata kama masaa yamepita, njoo tu. Kuna msaada mwingine. Kosa si lako;
– unawaza kujiua, au kumdhuru mtoto. Usikae peke yako. Mwambie mtu leo.

Ujue tena jambo hili. Siku za kwanza baada ya kuzaa, mama wengi wanalia bila sababu, na machozi yanakwisha ndani ya majuma mawili. Yakipita majuma mawili na huzuni ingali, au furaha yote imekauka, au hulali hata mtoto akilala, huo ni ugonjwa. Si uvivu, si ulozi, si kukosa imani. Shirika la Afya la Dunia linahesabu kwamba katika inchi zenye uwezo mdogo, karibu wamama 20 kati ya 100 waliozaa wanapata ugonjwa wa roho, na zaidi ni ugonjwa wa huzuni. Angalia benchi la kliniki: kama mmeketi wamama 10, pengine wawili wanabeba mzigo huo, na kila mmoja anafikiri yuko peke yake. Ugonjwa huo unatibiwa. Lakini hakuna atakayeutibu kama hakuna aliyeutaja.

Kwa hiyo anza leo, hapa unapongoja. Miguu chini, mkono juu ya tumbo, pumzi 10. Na mkunga akikuita na kukuuliza, "Mama, uko namna gani?", usijibu mbio. Pumua mara moja, jitazame ndani, halafu mwambie lile uliloliona.