Nyumba ya kwanza: Furaha ya kuwa na kwako, na gharama zisizotajwa siku ya kuonyeshwa kiwanja

Kwa wapangaji wengi wa Dar es Salaam, mwaka una miezi miwili mirefu: ule ambao kodi ya miezi sita inaisha, na mwingine unaofika miezi sita baadaye. Mwenye nyumba anabisha hodi na fedha inatakiwa yote kwa mkupuo. Ndipo yanapoanza mazungumzo ya usiku kati ya mume na mke: hizi fedha tunazompa baba mwenye nyumba kila mwaka, si tungekuwa tumeshanunua kiwanja?

Ni swali zuri, na jibu lake mara nyingi ni ndiyo. Lakini katika vipindi vyetu kuhusu ardhi, simu nyingi tunazopokea hazitoki kwa watu wanaojiuliza kama wanunue. Zinatoka kwa waliokwisha kununua, wakalipa, na baadaye wakagundua kwamba walichonunua sicho walichodhani. Makala haya yanaeleza nini hasa kinanunuliwa, gharama zinazofuata, na mambo ya kuhakikisha kabla fedha haijatoka mkononi.

Unanunua nini hasa?

Nchini Tanzania, ardhi yote ni mali ya umma na Rais ndiye mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Msingi huo umewekwa katika Sheria ya Ardhi Namba 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5, zote za mwaka 1999. Kwa hiyo anayenunua kiwanja ananunua haki ya kukitumia na kukimiliki kwa masharti. Katika maeneo yaliyopangwa na kupimwa, haki hiyo hutolewa kwa muda wa miaka 33, 66 au 99.

Jambo hili lina maana kubwa kwa mnunuzi. Kiwanja chenye hati ya miaka 33 iliyotolewa miaka 25 iliyopita kimebakiza miaka minane tu, na muda ukiisha itabidi uombe upya. Aidha, hati huja na masharti: matumizi yaliyoruhusiwa, muda wa kuendeleza kiwanja ambao kwa kawaida ni miezi 36, na kodi ya pango la ardhi ya kila mwaka. Ukinunua kiwanja ambacho mwenyewe wa awali hakulipa pango kwa miaka kumi, deni hilo litakusubiri mlangoni.

Karatasi zinatofautiana nguvu

Siku ya kuonyeshwa kiwanja, dalali atakuambia "kina karatasi zote". Muulize: karatasi ipi?

Yenye nguvu zaidi ni hati miliki, iliyosajiliwa kwa Msajili wa Hati. Chini yake ipo barua ya toleo, ambayo wengi huiita "ofa". Barua hii inaonyesha kwamba mtu amepewa kiwanja kilichopimwa, lakini hati bado haijakamilika. Katika makazi ambayo hayakupangwa ipo leseni ya makazi. Hii ni haki ya muda mfupi inayotakiwa kuhuishwa. Vijijini ipo hati ya haki miliki ya kimila, na huko mauziano yanahitaji ridhaa ya halmashauri ya kijiji.

Karatasi ambayo wanunuzi wengi wa maeneo ya pembezoni mwa jiji huondoka nayo ni mkataba wa mauziano uliogongwa muhuri katika ofisi ya serikali ya mtaa. Karatasi hiyo ina thamani yake. Inathibitisha kwamba fulani alimuuzia fulani, mbele ya mashahidi na majirani wa mipaka, na sheria inataka mkataba wa kuuza ardhi uwe wa maandishi. Lakini ni ushahidi wa mauziano, si hati ya umiliki. Ikiwa aliyeuza hakuwa mmiliki, muhuri hauwezi kumfanya awe mmiliki.

Hapo pia ndipo husikika habari ya "asilimia 10 ya mwenyekiti". Malipo hayo hayamo katika Sheria ya Ardhi. Ukiambiwa ulipe ada yoyote katika ofisi ya umma, una haki ya kudai stakabadhi halali.

Mambo manne ya kuhakikisha kabla ya kulipa

La kwanza ni upekuzi rasmi. Ikiwa kiwanja kimesajiliwa, unaweza kulipa ada ndogo katika ofisi ya ardhi ya mkoa na kupewa majibu ya maandishi yanayoonyesha jina la mmiliki, muda uliobaki, na kama kiwanja kimewekwa rehani benki au kina zuio. Ni hatua ya gharama ndogo kuliko zote katika safari hii, lakini ndiyo inayorukwa zaidi, kwa sababu dalali huwa amekwishasema kuna mteja mwingine anakuja jioni.

La pili ni mchoro wa mipango miji. Kiwanja kinaweza kuwa cha muuzaji kweli, lakini mchoro ukaonyesha kwamba kimetengwa kwa ajili ya shule, barabara au eneo la wazi. Nenda halmashauri, omba kuuona mchoro. Kisha angalia hifadhi. Mwaka 2017 nyumba nyingi kando ya Barabara ya Morogoro, kuanzia Kimara kuelekea Kiluvya, zilibomolewa kwa sababu zilikuwa ndani ya hifadhi ya barabara. Baadhi ya wenye nyumba walikuwa wameishi hapo kwa miaka mingi, wana umeme na maji, na waliamini kwamba huduma hizo ni uthibitisho wa uhalali. Kuunganishiwa umeme si kupewa haki ya ardhi.

Hali ni hiyohiyo mabondeni. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bahari. Desemba 2015, wakazi wa Bonde la Mkwajuni, Kinondoni, walishuhudia nyumba zao zikibomolewa. Kiwanja cha bei rahisi kilicho karibu na mto kitazame wakati wa masika, wala si mwezi wa Agosti.

La tatu ni mwenza wa muuzaji. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, katika kifungu cha 59, inazuia mume au mke kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Ukikutana na muuzaji mwenye haraka, anayesema mkewe yuko safarini na hana haja ya kusumbuliwa, simama hapo. Kesi za namna hii ni nyingi, na mnunuzi asiye na kosa hujikuta katikati ya ugomvi wa ndoa ya watu wengine.

La nne ni mirathi. Ikiwa kiwanja kilikuwa cha marehemu, mwenye mamlaka ya kuuza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Kaka mkubwa kusema "wadogo zangu wote wameafiki" hakutoshi. Omba kuona barua ya usimamizi, na ukipata saini za warithi wote, ni bora zaidi.

Bei ya kiwanja ni mwanzo tu

Tuchukue mfano wa mwalimu wa shule ya msingi na mkewe anayeuza vitenge. Wamejibana kwa miaka minane, wamepata shilingi milioni 12, na kiwanja wanachokipenda kinauzwa milioni 12. Je, wanaweza kukinunua? Wakikubali bei hiyo, watakosa fedha kabla ya kufika kwenye usajili.

Yupo dalali. Yupo wakili wa kuandaa mkataba na hati ya uhamisho. Upo uthamini wa ardhi, kwa sababu kodi hukokotolewa kwa thamani. Upo ushuru wa stempu, ambao ni takriban asilimia 1 ya thamani. Zipo ada za usajili wa uhamisho. Na ipo kodi ya ongezeko la mtaji, ambayo kisheria ni jukumu la muuzaji, na bila uthibitisho wa Mamlaka ya Mapato kuhusu kodi hiyo uhamisho hausajiliwi. Mtaani, hata hivyo, wauzaji wengi husema wanataka "fedha yao safi", maana yake mnunuzi abebe kodi zote. Hilo ni jambo la kujadiliana mapema na kuliandika ndani ya mkataba. Likiachwa kwenye maneno, muuzaji akishalipwa hapokei tena simu, na mnunuzi anabaki na hati yenye jina la mtu mwingine.

Kwa familia kama hiyo, ushauri wetu ni kutafuta kiwanja cha bei ndogo kuliko akiba yao yote, ili kilichobaki kigharamie nyaraka. Kiwanja kidogo kilichohamishwa kihalali kina thamani kuliko kikubwa chenye mashaka.

Mkopo wa benki au tofali moja moja?

Mikopo ya nyumba ipo. Mwaka 2008 ilitungwa sheria maalumu ya mikopo ya nyumba, pamoja na sheria inayomwezesha mtu kumiliki sehemu moja ndani ya jengo, kama fleti. Mwaka 2010 ikaanzishwa TMRC, kampuni inayozikopesha benki ili nazo ziweze kutoa mikopo ya muda mrefu.

Tatizo kwa wengi ni hesabu. Tuchukulie mkopo wa shilingi milioni 50 kwa riba ya asilimia 15, unaolipwa kwa miaka 15. Marejesho ni karibu shilingi 700,000 kila mwezi, na hadi mwisho utakuwa umelipa karibu milioni 126. Ukiulipa kwa miaka 10, rejesho la mwezi linapanda hadi karibu shilingi 807,000, lakini jumla inashuka hadi karibu milioni 97. Mwenye mshahara mzuri na wa uhakika anaweza kuona faida: anahamia leo na kuacha kulipa kodi ya pango. Kwa mwenye kipato cha kupanda na kushuka, ni mzigo unaoweza kumpokonya nyumba yenyewe, maana nyumba ndiyo dhamana. Pia benki zitataka hati, si karatasi ya mtaa.

Ndiyo maana familia nyingi hujenga kidogo kidogo. Mwaka huu msingi, mwaka ujao kuta mpaka lenta, kisha kupaua, na watu wanahamia kabla ya plasta na dari. Njia hii haina riba, lakini si ya bure. Saruji na nondo hupanda bei, nondo zilizoachwa wazi hushika kutu, vifaa huibwa, na miaka yote hiyo bado unalipa kodi unakopanga. Kabla ya kuchimba msingi, chukua kibali cha ujenzi kutoka halmashauri. Na ukipanga bajeti, weka umbali wa nguzo ya umeme na bomba la maji, na nauli ya kila siku. Mtu aliyehama Magomeni kwenda Chanika ameacha kulipa pango, lakini daladala inamdai asubuhi na jioni.

Furaha ambayo haina risiti

Baada ya kusema hayo yote, tusimfanye mtu aogope. Ipo sababu ya watu kuvumilia vumbi, mafundi wanaozima simu, na usiku wa kwanza katika nyumba isiyo na dari. Mtoto anaweza kuchora ukutani bila mtu kutishiwa notisi. Mama anapanda mwembe akijua atakula embe zake. Mgeni akija kutoka kijijini hakuna anayemhesabia ndoo za maji. Uzee nao unapungua makali, kwa sababu popote kipato kitakapofikia, paa lipo.

Waswahili husema nyumba njema si mlango. Na hata baada ya kuingia ndani, kazi haijaisha. Kodi ya majengo, ambayo tangu mwaka 2021 hukatwa kupitia ununuzi wa umeme, itaendelea kila mwezi. Pango la ardhi litakuja kila mwaka. Hati ihifadhiwe mahali salama, nakala zikae mahali pengine.

Kuna jambo moja zaidi, ambalo wengi huliona kuwa ni uchuro kulizungumza wakati wa furaha: jina la nani limeandikwa? Katika mfano wetu, fedha za vitenge zimo ndani ya kila tofali la nyumba ile. Kuandikisha majina mawili kwenye hati hakuna gharama ya ziada yenye uzito, lakini siku mmoja akitangulia mbele ya haki, kunaweza kumwokoa aliyebaki asianze kugombana na ndugu wa marehemu kabla hata ya arobaini. Mazungumzo yale ya usiku yaliyoanza na kodi ya miezi sita yafikishwe hadi hapo.