Pong Sebuleni: Mashine Ipi Iliifaa Familia?

Mwaka 1972 kampuni ya Atari ya California ilitoa mchezo wa Pong: vibao viwili, mpira mmoja, na sarafu ya kutumbukiza kabla ya kucheza. Mashine nyingi ziliwekwa katika baa, mahali ambapo mama hampeleki mtoto wake. Je, mchezo huo ungeweza kuletwa nyumbani bila kuumiza mfuko wa familia? Tumelinganisha mashine nne.

Ya kwanza ilitangulia Pong yenyewe. Ni Odyssey ya Magnavox, kazi ya Ralph Baer, iliyouzwa mwaka huohuo kwa karibu dola 100. Haikutoa sauti wala kuhesabu mabao; wachezaji walijihesabia wenyewe. Karatasi za plastiki zenye rangi zilibandikwa kwenye kioo cha televisheni ili kuonyesha uwanja. Tusiicheke. Nolan Bushnell wa Atari aliuona mpira wake wa meza kabla Pong haijatengenezwa, na Magnavox ikashitaki. Kesi iliisha kwa mapatano mwaka 1976, Atari ikalipa.

Pong ya nyumbani yenyewe ilifika Krismasi ya mwaka 1975 katika maduka ya Sears, nayo kwa karibu dola 100. Ilikuwa na sauti, na mabao yalionekana kwenye kioo. Kwa uaminifu wa mchezo, hakuna iliyoishinda. Lakini mama mwenye watoto ataona kasoro mara moja: vifundo vya kuzungusha vilikuwa juu ya sanduku lenyewe, hivyo wachezaji walikaa bega kwa bega wakisukumana viwiko. Tena ulikuwa mchezo mmoja tu, wa watu wawili tu.

Mwaka 1976 Coleco, kampuni iliyoanza kwa biashara ya ngozi, ilileta Telstar kwa takriban dola 50. Siri ya bei hiyo ilikuwa chipu moja ya General Instrument iliyobeba karibu kazi yote. Ilikuwa na tenisi, magongo na mpira wa ukutani, na ngazi tatu za ugumu, ili mdogo asionewe na kaka yake. Vifundo bado vilikuwa juu ya sanduku, lakini kwa nusu ya bei tungeichagua hii bila kusita.

Kisha ikaja Atari ya kaseti mwaka 1977, kwa karibu dola 200. Kaseti ya Video Olympics ilikuwa na aina 50 za michezo ya vibao, na watu wanne waliweza kucheza pamoja. Vifundo vilikuwa na nyaya zake, kila mtoto akakaa mahali pake. Ila mashine ilikuja na jozi moja tu ya vifundo hivyo, na kaseti yenyewe iliuzwa kando. Mwenye watoto wanne ilimbidi arudi dukani.