Sura ya 6: Bima ya Mkopo na Siku Inapofutwa

Dereva anayeshusha Fuso la vitunguu katika mlima Sekenke, akitoka Singida kuelekea Igunga, hushika gia nzito na kuomba breki zisichemke. Mwenye gari yuko mjini anasubiri simu. Anachokitegemea ni bima kubwa, ile inayolipa gari lake mwenyewe likiharibika, kwa kuwa bima ndogo humfidia mtu wa tatu tu. Sasa tuseme bima hiyo kubwa aliikata kwa mkopo, rejesho la mwezi uliopita halikwenda, na jana mkopeshaji ameiandikia kampuni ya bima iifute. Gari linateremka Sekenke halina kinga, na mwenyewe hana habari.

Usimamizi wote wa wakopeshaji wa ada ya bima, leseni na adhabu zake, mimi naupima kwa siku hiyo moja.

Mkopo wa namna hii umezaliwa na kanuni iliyo katika Sheria ya Bima ya mwaka 2009: pasipo ada, hapana bima. Kampuni ya bima haiwezi kukubeba kwa ahadi. Singida nayo ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia mwishoni mwa mwaka hadi Aprili hivi, na fedha ya alizeti huonekana baada ya mavuno. Bima inayokwisha Februari inadai ada yote kwa mkupuo wakati mbegu bado iko ardhini. Mkopeshaji huingia hapo. Anailipa kampuni ya bima fedha yote, kisha mteja anamrudishia kidogo kidogo. Dhamana yake kuu ni bima yenyewe: mteja akishindwa kulipa, mkopeshaji ana haki ya kuifuta na kuchukua ada ya miezi ambayo haijatumika. Bila haki hiyo biashara hii isingekuwepo, na ndiyo maana haki hiyo inahitaji kuchungwa kuliko kitu kingine chochote.

Jimbo la New York, Marekani, liliona hatari hiyo mapema. Sheria yake ya benki ina sehemu maalumu ya kampuni zinazokopesha ada ya bima: hakuna kufanya kazi bila leseni, na kabla ya kufuta bima mteja lazima apewe notisi ya maandishi ya siku zisizopungua 10. Anayezikiuka kanuni anaweza kunyang'anywa leseni.

Kwetu kazi hii hufanywa zaidi na benki, na imekaa chini ya mamlaka mbili. Mkopo uko mikononi mwa Benki Kuu ya Tanzania. Bima iko kwa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, yenye uwezo wa kusajili, kutoza faini, kusimamisha na kufuta usajili wa kampuni, madalali na mawakala.

Upande wa mkopo umekazwa sana miaka ya karibuni, na ulistahili. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 iliwapanga wakopeshaji katika madaraja manne. Daraja la pili ni wale wasiopokea amana, kuanzia kampuni hadi mtu binafsi anayekopesha kwa biashara. Hao nao lazima wawe na leseni, na Benki Kuu imewawekea ukomo wa riba ya asilimia 3.5 kwa mwezi. Novemba 2024 ilitangaza majina ya programu 69 za simu zilizokuwa zikikopesha bila kibali. Mama aliyewahi kutangaziwa deni kwa ndugu na majirani wote waliomo kwenye simu yake anajua kwa nini mikopo ya aina hiyo inaitwa kausha damu.

Hata hivyo, asilimia peke yake haitoshi. Chukua ada ya shilingi 3,600,000 inayolipwa kwa miezi 10, riba asilimia 3.5 kwa mwezi. Riba ikipigwa kwenye salio linalopungua, mteja atalipa riba ya shilingi 693,000. Ikipigwa kila mwezi kwenye mkopo wote wa mwanzo, atalipa 1,260,000. Mkataba unataja asilimia ileile, na tofauti ni shilingi 567,000.

Upande wa bima una jambo ambalo mteja halioni kwa urahisi. Tangu mwongozo wa mwaka 2019, benki zinaruhusiwa kuwa mawakala wa bima. Basi dirisha lilelile linaweza kukuuzia bima, likapata kamisheni, kisha likakukopesha ada yake kwa riba. Si kosa, na humwondolea mtu wa Kiomboi au Manyoni safari za bure. Ila mshauri wako amekwisha kuwa mdai wako, na siku ya kufuta bima atasimama upande wa deni. Mamlaka zote mbili zinapaswa kumtazama mtu huyu kwa pamoja, kwa sababu kosa lake kwenye mkopo ndilo linaloua bima.

Kwa sasa mteja anayo silaha moja iliyo karibu. Mfumo wa TIRAMIS humruhusu yeyote mwenye simu kuingiza namba ya gari na kuona kama bima ipo hai. Fanya hivyo siku unayolipa, na kila mara rejesho linapochelewa. Malalamiko ya mkopo yaanzie kwa mkopeshaji, yasipotatuliwa yaende Benki Kuu. Ya bima yana TIRA na Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.

Na kabla ya kusaini, muulize mkopeshaji: nikikosa rejesho, nitapewa siku ngapi kabla bima yangu haijafutwa, na taarifa itanifikia kwa njia gani? Jibu liandikwe ndani ya mkataba. Akikataa kuliandika, usisaini.