Mbaazi Umeonewa (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tuliufuata mbaazi tangu kwao India hadi ukavuka bahari kuja kwetu, na baadaye ukafikishwa Karibiani pamoja na watu waliouzwa utumwani. Leo tuingie shambani.

Kila mtoto wa pwani anaijua methali hii: mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Tunamtupia mvivu, mwanafunzi aliyeanguka mtihani, na mwanasiasa pia. Mimi naona mti huu umeonewa, kwa sababu jua kweli linahusika.

Mbaazi wa muda mrefu, ule wa kienyeji unaompita mtu kimo, hautoi maua mpaka mchana ufupike na joto lipungue. Kisiwa chetu cha Funzi, pwani ya kusini ya Kenya, kiko takriban nyuzi nne na nusu kusini mwa Ikweta, na mchana wa Juni hupitwa na ule wa Desemba kwa kama nusu saa tu. Sisi hatuoni tofauti hiyo, mti unaiona. Kuhusu joto, mtafiti Said Silim na wenzake walipima aina mbalimbali za mbaazi hapa Kenya na kuchapisha matokeo mwaka 2007: zile za muda mrefu huwahi kuchanua panapokuwa na baridi ya takriban nyuzi 18 za Selsiasi, na za muda mfupi hupenda joto la kama nyuzi 23 hadi 25. Basi mtu akileta mbegu ya milimani akaipanda huku kwetu pwani, Bodo au Msambweni, asishangae kupata kichaka kizuri cha majani matupu. Kosa ni la aliyechagua mbegu.

Mbegu zilizokaa pwani vizazi na vizazi zimezoea joto letu. Hizi zipande vuli inapoanza, Oktoba au Novemba, mbili mbili kwa shimo, katikati ya mahindi au muhogo. Acha mita moja na nusu baina ya mistari. Mbaazi hukua polepole miezi miwili ya mwanzo, kwa hiyo hausongi mahindi. Palilia tu magugu yasiumeze. Mahindi yakishavunwa, wenyewe ndipo unapopanuka. Kusi likianza kupoza hewa huchanua manjano, mara nyingine kwa michirizi myekundu, na uvunaji huwa Agosti na Septemba. Mzizi wake huweza kushuka mita mbili, ndiyo maana huvumilia udongo wetu wa kichanga mvua ikikatika. Vijidudu vya mizizini huinasa nitrojeni ya hewani, na majani yanayopukutika huirudishia ardhi.

Maua yakitoka, kagua shamba. Tazama ganda changa: lina mikunjo ya mshazari baina ya punje. Ukiona tundu la mviringo, kiwavi ameshaingia. Punje zikisinyaa bila tundu, ni kunguni wa mimea waliofyonza. Aina za muda mfupi, zinazovunwa baada ya kama miezi minne, ndizo zinazoshambuliwa zaidi, na anayezipanda ajiandae kwa gharama ya dawa.

Ukimaliza kuvuna, kata shina karibu na kiuno, litachipua tena. Vijiti ni kuni nzuri, na kwa kisiwa kilichozungukwa na mikoko hilo si jambo dogo. Majani mpe mbuzi.

Jikoni, mbaazi kavu hulowekwa usiku kucha, hutokoswa mpaka zibonyee kidoleni, kisha hutiwa kitunguu, pilipili mbichi, manjano kidogo na tui jepesi. Tui zito huja mwisho, na mwiko usipumzike, lisije likakatika. Huliwa kwa mahamri yenye iliki. Anayezila kwa mkate wa duka simlaumu, ila simwelewi.

Wapo watakaosema tulime kwa ajili ya kuuza India. Tuwaulize wenzetu wa Lindi na Mtwara. Agosti 2017 India iliweka kikomo cha tani 200,000 kwa mbaazi zinazoingia kutoka nje, na bei upande wa kusini mwa Tanzania ikaporomoka hata wengine wakaona hasara kuvuna. Lima kwanza ya chungu chako na ya soko la jirani, ziada ndiyo uifikirie meli.

Vuli haiko mbali. Ukienda kununua mbegu, kabla ya kuuliza bei uliza imevunwa wapi, na kama ni milimani, irudishe guniani.