Nyumba Mpya na Taka Zake

Wasikilizaji wetu, nanyi wasomaji mtakaokishika kitabu hiki baada ya mazungumzo kwisha, leo twataka kunena habari za takataka. Twajua ya kuwa neno lenyewe halipendezi, wala hakuna mtu apendaye kulizungumza mbele ya wageni. Lakini kila ajengaye nyumba hujenga pia, apende asipende, chanzo kipya cha taka. Na siku ile aingizapo kitanda chake na vyungu vyake ndani, taka huanza kutoka kwa mlango wa nyuma. Basi yafaa kuuliza: zitakwenda wapi?

Tutwae mfano wa mji tuujuao wengi, yaani Dar es Salaam. Huko pembezoni, kama vile Chanika, Kivule na Goba, nyumba mpya huota kama uyoga baada ya mvua. Mtu hununua kiwanja, huita mwashi na seremala, hupiga bati, kisha huhamia pamoja na jamaa zake. Amekwisha kufikiri habari za maji, za umeme, na za choo. Habari za taka huziacha nyuma ya zote, kwa kuwa siku za kwanza hazionekani. Ganda la ndizi hutupwa uani, nalo hukauka. Karatasi hupeperushwa na upepo hata kwa jirani. Mwezi mmoja hupita, na kiwanja cha mtu ambaye bado hajajenga kimekwisha kuwa jaa la mtaa mzima.

Tufanye hesabu kidogo, na wanafunzi watusaidie. Yakadiriwa ya kuwa katika nchi zetu mtu mmoja hutoa taka kama nusu kilo kwa siku. Nyumba yenye watu 6 hutoa kilo 3 kwa siku, yaani kilo 21 kwa juma. Kama mtaa mpya una nyumba 40, basi kila juma zitatoka kilo 840; na kwa majuma 52 ya mwaka ni kilo 43,680, yaani zaidi ya tani 43. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hiki si cha nafaka.

Watu wengine husema, “Sisi tutachimba shimo uani, na likijaa tutachoma moto.” Shamba likiwa kubwa na taka zikiwa maganda na majani tu, shimo lafaa, nao wazee wetu walilitumia vema. Lakini kiwanja cha mjini ni kidogo, na taka za siku hizi si zile za zamani. Chupa za plastiki hazipotei kwa kuchomwa. Huyeyuka na kutoa moshi wenye sumu, na moshi huo huingia katika vifua vya watoto wetu na vya watoto wa jirani. Tena mvua ikinyesha, maji hupita katikati ya taka zilizozikwa, yakachukua uchafu wake na kushuka nao chini. Kisima kikiwa karibu, maji hayo yaweza kurudi mezani kwetu ndani ya kikombe.

Kuna na jambo la inzi na mbu. Katika joto la pwani, yai la inzi huwa funza kwa siku moja hivi, na funza huwa inzi mzima kwa muda wa siku 7 hadi 10. Mbu aletaye homa ya dengue, ambayo ilienea Dar es Salaam mwaka 2014, na tena mwaka 2019, hutaga mayai katika kopo lenye maji ya mvua au katika gurudumu kuukuu lililotupwa. Naye hukua kwa muda kama huo huo. Hii ndiyo sababu taka zisikae nyumbani zaidi ya juma moja, na zile zinazooza zisikae hata siku hizo zote. Siku ya mzoa taka haikuchaguliwa ovyo. Ni mbio kati ya gari na funza.

Nayo mifereji isisahauliwe. Mwezi wa Desemba mwaka 2011 mvua kubwa sana ilinyesha Dar es Salaam, na watu wapatao 40 walikufa kwa mafuriko. Hatusemi ya kuwa taka ndizo zilizoleta mvua ile. Lakini mfereji uliozibwa na chupa na matambara hauwezi kupitisha maji hata ya mvua ndogo, sembuse ya mvua kubwa.

Labda mtu atasema, “Taka zangu zikiisha kutoka mtaani kwangu, hazinihusu tena.” Habari ya Tabata yatufundisha vingine. Zamani taka za Dar es Salaam zilipelekwa Tabata, na watu waliokaa karibu waliteswa na moshi, uvundo na inzi. Wakaenda mahakamani kulishtaki Halmashauri ya Jiji, na mwaka 1988 Mahakama Kuu iliwapa haki yao. Baadaye taka zikahamishiwa Kunduchi Mtongani. Wakazi wa huko nao wakaenda mahakamani mwaka 1991, nao wakashinda. Kisha ikawa zamu ya Vingunguti, halafu Mtoni, na mwisho Pugu Kinyamwezi. Twaona basi ya kuwa kila kitu tukitupacho huangukia mlangoni kwa mtu. Kadiri tunavyopunguza cha kutupa, ndivyo tunavyompunguzia mtu huyo mateso.

Sasa tueleze kazi yenyewe, hatua kwa hatua.

Kwanza, mambo yaanze kabla ya msingi kuchimbwa. Mwenye kiwanja aulize: je, gari la taka litapita wapi? Tumeona mara nyingi ya kuwa kila mmoja husogeza ukuta wake hatua mbili, mpaka njia iliyokuwa pana ikawa kichochoro. Gari likishindwa kuingia, taka hubaki, na wa kwanza kulalamika huwa yule aliyesogeza ukuta. Tena ndani ya kiwanja patengwe mahali pa mapipa: karibu na lango ili mzoa taka asipite chumbani, mbali na kisima na jiko, penye sakafu ngumu ya kusafishika, na kivuli kama chapatikana.

Pili, taka za ujenzi zisichanganywe na za nyumbani. Kifusi, yaani vipande vya matofali na zege, hakiozi wala hakidhuru; chafaa kujaza mashimo ya njia, nao majirani watashukuru. Mbao zafaa kuni, isipokuwa zile zilizopakwa rangi au dawa. Misumari na vipande vya bati viokotwe na kuwekwa mbali na nyayo za watoto. Mwenye nyumba apatane na fundi mkuu tangu mwanzo kwamba kiwanja kitasafishwa kabla fedha za mwisho hazijalipwa. Fundi akiisha kulipwa na kwenda zake, kifusi hukaa pale pale miaka.

Tatu, mwenye nyumba ajitambulishe. Kwa sheria ya Tanzania ya mwaka 2004 juu ya usimamizi wa mazingira, kazi ya taka ngumu ni ya mamlaka za serikali za mitaa. Lakini mamlaka hayawezi kuhudumia nyumba yasiyoijua. Basi mtu akihamia, na aende ofisi ya serikali ya mtaa, aonane na mwenyekiti au mtendaji, kwa maneno kama haya: “Shikamoo, mzee. Nimehamia nyumba mpya kule bondeni, nami naomba kuandikwa. Ni nani azoaye taka za mtaa wetu, siku gani, na ada yake ni kiasi gani?” Kisha ataje namba ya nyumba na jina la njia, kwa ajili hiyo ndiyo maana kazi ile kubwa ya anwani za makazi, iliyofanywa nchini mwaka 2022, si pambo la ukutani. Ada ikilipwa, na risiti ichukuliwe na kutunzwa. Bila risiti, mzoa taka asipokuja hatuna neno la kumwambia, na fedha zikipotea hatuna pa kuzitafuta.

Nne, majirani wakutane. Gari haliji kwa ajili ya nyumba moja iliyo peke yake nyikani, maana mafuta yake ni ghali kuliko ada ya nyumba hiyo. Lakini nyumba 40 zikisema kwa sauti moja, mzoa taka huona faida kuja. Kidole kimoja hakivunji chawa. Mkutano ukubaliane juu ya siku, juu ya mahali pa kukusanyia pale gari lisipofika, na juu ya mtu wa kushika daftari. Ikiwa njia ni nyembamba, mkokoteni au guta laweza kutoa taka vichochoroni na kuzifikisha barabarani. Wakumbukwe pia wajane na wazee wasio na kitu, ili umaskini wa nyumba moja usiwe ugonjwa wa mtaa wote.

Tano, taka zitengwe tangu jikoni. Jambo hili si geni duniani. Mwaka 1884, mkuu wa mkoa uliokuwa na mji wa Paris, Bwana Eugène Poubelle, aliwaamuru wenye nyumba wawape wapangaji wao mapipa yenye vifuniko, ya namna tatu: moja la vitu viozavyo, moja la karatasi na nguo, na moja la vigae, vioo na magamba ya chaza. Watu walinung’unika sana, na hata leo pipa la taka kwa Kifaransa huitwa kwa jina lake. Walionung’unika kwa haki ni maskini waokotao matambara, maana walihofu kupotewa na riziki yao. Twalisema hili kwa kuwa kwetu nako kuna watu waokotao chupa na vyuma. Mtaa ukifanya mapatano, yafaa watu hawa waitwe mkutanoni, wala wasifukuzwe kama wezi. Kazi yao yapunguza mzigo wa gari, nasi hatuwalipi kitu.

Kwetu sisi vyombo vitatu vyatosha. Cha kwanza ni cha vitu viozavyo: maganda, mabaki ya chakula, majani. Hivi ni zaidi ya nusu ya taka za miji yetu. Vikirundikwa mahali penye kivuli, tabaka la maganda mabichi na tabaka la majani makavu, vikinyunyiziwa maji kidogo na kugeuzwa kila juma, baada ya miezi mitatu hivi huwa mboji nzuri ya mchicha na migomba. Nyama na mafuta visitiwe, maana huita panya. Cha pili ni cha vitu vifaavyo kutumika tena: chupa, makopo, vyuma, karatasi na maboksi. Vioshwe kidogo na kukaushwa, kwa kuwa mnunuzi hapendi kitu kichafu. Kioo na alumini huweza kuyeyushwa na kufanywa kitu kipya tena na tena; na kuyeyusha alumini kuukuu hutumia nguvu kama sehemu 5 tu katika 100 za ile itumikayo kuitoa katika mawe yake. Cha tatu ni cha mabaki yasiyofaa neno, na hicho ndicho cha gari. Betri, sindano, nyembe na vioo vilivyovunjika vifungwe peke yake katika chombo kigumu, naye mzoa taka aambiwe, maana mikono yake ni ya nyama kama yetu.

Sasa turudie hesabu yetu. Katika zile kilo 840 za juma, tukitoa nusu tu kwa ajili ya mboji, zabaki 420. Tukitoa tena chupa na vyuma, zapungua zaidi. Gari lililokuwa likijazwa na mtaa mmoja laweza sasa kuhudumia miwili, na mtaa una neno la kusema siku ya kupatana ada.

Mwishowe, mambo haya yaangaliwe. Mwenye daftari aandike kila siku gari lilipokuja na lilipokosa kuja. Likikosa mara moja, aulizwe mzoa taka. Likikosa mara nyingi, daftari lipelekwe kwa mtendaji wa kata na kwa bwana afya. Malalamiko yenye tarehe husikilizwa kuliko makelele yasiyo na tarehe.

Ndugu zetu mnaokaa vijijini, msidhani maneno haya ni ya watu wa mjini peke yao. Kijiji cha leo ni mji wa kesho, na Kivule nayo ilikuwa mashamba si zamani sana. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Mkiacha leo njia ya gari na mahali pa mapipa, hamtavunja kuta kesho. Nanyi wanafunzi, jioni ya leo ombeni ruhusa kwa mama, mpime taka za nyumba yenu kwa siku saba, mwandike ni ngapi ziozazo, ngapi zifaazo tena, na ngapi zisizofaa. Pelekeni hesabu hiyo kwa mzee wa nyumba. Atastaajabu, na huenda kesho yake akaenda ofisi ya mtaa.