Mkaguzi aliyekabidhiwa chuo

Mzazi wa Konde, kaskazini mwa Pemba, anapompeleka mwanawe katika Chuo Kikuu cha Waislamu Morogoro, humkabidhi kwa watu asiowajua. Kijana huvuka bahari hadi Unguja, akavuka tena hadi Dar es Salaam, kisha akapanda basi kiasi cha kilomita 190. Ada yake huenda imetokana na pishi za karafuu zilizochumwa na kuanikwa na nyumba nzima. Basi tunaona ni haki ya mzazi huyo kumjua aliyepewa amana hiyo.

Chuo kilianza kufundisha mwaka 2005, katika majengo yaliyokuwa ya TANESCO, na kwa miaka mingi kiliongozwa na Profesa Hamza Njozi. Baada yake uongozi ulimfikia Profesa Mussa Juma Assad, mhadhiri wa uhasibu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambaye mwaka 2014 Rais Kikwete alimteua kuwa Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali.

Wengi wanamkumbuka kwa neno moja. Mwishoni mwa 2018, akihojiwa na Redio ya Umoja wa Mataifa, alieleza kuwa kutofanyiwa kazi kwa ripoti zake ni udhaifu wa Bunge. Januari 2019 aliitwa mbele ya kamati ya maadili. Alikwenda, na akashikilia kuwa neno hilo ni la kawaida katika lugha ya wakaguzi. Aprili 2, 2019 Bunge liliazimia kutofanya kazi naye, na Novemba mwaka huo akaondoka ofisini. Wapo waliosema neno lilikuwa kali. Sisi tunauliza: mkaguzi angeliitaje kasoro aliyoiona?

Nabii Yusuf (A.S.), alipoomba hazina za nchi, alitaja sifa mbili: kuhifadhi na kujua. Ujuzi wa Profesa huyu ulikwishaonekana mwaka 2006, katika utafiti alioandika na Andrew Goddard kuhusu namna asasi zisizo za kiserikali za Tanzania zinavyotumia mahesabu kujijengea imani kwa wafadhili. Na chuo cha Waislamu nacho hutegemea ada na imani ya watu. Mzee wa Konde huenda asiusome utafiti huo wa Kiingereza, lakini swali lake ni lile lile: fedha ya karafuu imefika, imetumikaje?